Siku Niliyofungiwa kwa Kufuli Langu Mwenyewe

Wajukuu zangu, binti yangu wa kumzaa alinifungia chumbani kwa kufuli nililolinunua mimi. Mchana kweupe.

Tena nilistahili. Sikilizeni.

Binti huyu ni fundi cherehani, na kwa wembamba wake hapa uani wanamwita Sindano. Miaka miwili nyuma alianza kusikia sauti zinamtukana. Siku moja zikamwamuru, akakata gauni la bibi harusi vipande vipande.

Kliniki wakampa vidonge, nesi akasema asikose hata siku moja. Mzee wa Mizizi, mganga wa mitishamba, naye akanipa unga wa magome, akaonya usikutane na dawa ya hospitali.

Mimi ni mtu wa amani. Sikutaka kumuudhi yeyote.

Nikazipa dawa zamu, kama tunavyopeana bomba la maji hapa uani. Wiki ya vidonge, wiki ya unga. Unga nautia kwenye uji, nesi simwambii.

Miezi minane mwanangu anapanda, anashuka. Akishuka anakimbilia barabarani, magari yanamkosakosa. Ndipo nikanunua kufuli, nikawa namfungia chumbani.

Mwisho nikachoka. Mzee wa Mizizi akasema nimpeleke kwake akae mwaka mzima, vidonge vitupwe. Kule nilimwona mgonjwa mmoja ana mnyororo mguuni. Nikajikaza, nikakubali. Safari Jumamosi.

Ijumaa nikaingia na uji. Sindano alikuwa amesimama kando ya mlango. Akanipita ubavuni, akatoka, nikasikia kufuli, ka!

"Nisamehe, mama. Nikikuomba ruhusa hunipi."

Hatua zake zikaenda.

Nikagonga mpaka viganja vikawaka moto. Akapita muuza mkaa, jirani yetu, nikamsikia akimwambia mwenzake leo Sindano kaamka na wazimu wake.

"Ni mimi, mama yake! Nifungulieni!"

"Sawa, mama," akajibu kama anayembembeleza mtoto. "Na siku ile ulikuwa nesi."

Wakacheka kidogo, wakaenda zao.

Kila nilivyopaza sauti, ndivyo nilivyozidi kuwa kichaa wao. Nikanyamaza. Kumbe ndiyo maana na yeye siku hizi alikuwa kimya, mimi nikidhani ni nafuu.

Nikakaa kitandani kwake. Dirisha lina nondo, hewa nzito, kuta zimenisogelea. Macho yakaenda ukutani, pale panapofichwa mlango ukifunguliwa.

Chaki ya fundi. Mistari saba, halafu saba, halafu saba. Juu ya saba moja kachora kidonge, juu ya nyingine bakuli.

Chini ya kidonge: nimelala, nimeshona. Chini ya bakuli: zimerudi. Zimerudi. Zimerudi.

Mwisho kabisa kaandika: nimemwambia mama mara nne, anasema ni ugonjwa unaongea.

Ni kweli aliniambia. Ni kweli nilisema hivyo.

Wiki ile ilikuwa ya vidonge. Mwanangu alikuwa ameisubiri ili akili itulie, afike kliniki kwa miguu yake kabla ya Jumamosi.

Saa tisa kufuli likafunguliwa. Sindano na nesi, na nesi kashika karatasi iliyonakiliwa kutoka ukutani.

Nilingoja kufokewa. Nesi aliuomba tu ule unga, akaufunga kwenye mfuko wake. Akasema kwamba maombi, matembezi ya jioni, kushona pamoja, hivyo vyote ni vizuri na visindikize vidonge. Ila visishike zamu ya vidonge. Na kitu chochote cha kunywa, aambiwe kwanza.

Kisha akampa vidonge Sindano mkononi. Si mimi.

Nikamuuliza binti yangu, mlango ulikuwa wazi, kwa nini hakukimbia tu?

"Ungenifuata unapiga kelele, mama. Na wao wangekuamini wewe."

Nikalichomoa kufuli mlangoni.

Safari ya Jumamosi ilikufa. Sauti bado humtembelea mara mojamoja, lakini sasa ananiambia, nami namwandikia nesi. Jioni tunatembea hadi mwisho wa barabara, anayumba kidogo kwa vidonge, nami nayumba kwa uzee.

Kufuli linafunga banda la kuku.

Mwenye mgonjwa kama wangu, kabla hujasema ni ugonjwa unaongea, kaa kwanza ndani ya mlango ule, ugonge, uone nani atakuitikia.