Friji Likilia, Hodi Baadaye

Kazi yangu ni kuandika maelezo ya programu inayolinda friji za chanjo kwenye zahanati za Lindi. Ubaridi ukipungua friji hupiga kelele, na nesi hufungua kishikwambi asome la kufanya. Ukurasa wangu ulianza hivi: "Usifungue mlango." Bosi wangu, mzee wa Nyangamara, akasema sina adabu.

"Unaingiaje kwa watu bila hodi, tena kwa kufoka?"

Akaongeza aya tatu juu. Kichwa kinasema "Friji likilia", chini yake: "Ukurasa huu unaeleza mambo ya kufanya pale friji linapolia." Nilichukia, jamani. Huyu ni mgeni anayesimama mlangoni kutangaza kwamba yuko mlangoni. Lakini mkubwa ni mkubwa, nikameza.

Asubuhi moja nesi wa upande wa Rutamba, mama mtu mzima, akapiga simu. Nikaweka spika, bosi yuko pembeni na chai yake.

"Shikamoo mama."

"Hiyo ingoje. Friji linalia, na kesho ni kliniki ya watoto."

Nikaanza kumweleza, akanikatiza. "Acha niisome mwenyewe, nisije nikaharibu vitu vya serikali."

Akasoma kama anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Karibu mtumiaji. Umuhimu wa chanjo. Shukrani kwa wadau. Wadau, Mungu wangu, na friji nyuma yake linalia tu. Nikamwambia ruka, mama. "Niruke nini, na nyie ndio mlioandika?" Mwisho wa aya ya tatu akafika: "Kabla ya yote, usifungue mlango wa friji."

"Mwanangu, mlango niliufungua kitambo. Nimeuegemea hapa nasoma."

"Ufunge, mama!" Aliyesema ni bosi, na chai ilishamwagika.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuangalia plagi ukutani. Kumbe kuna mtu aliichomoa achaji simu. Nesi akairudisha, tukangoja. Akilini niliwaona kina mama watakaotembea na watoto mgongoni kuja kuambiwa hakuna chanjo. Bosi alikuwa ameshika kikombe kitupu.

Kelele ikakoma. Nesi akasema namba ya joto haikufika kwenye nyekundu, chanjo ni nzima.

"Futa zile aya," bosi akaniambia bila kunitazama. "Hiyo ya mlango irudishe juu."

"Na hodi, mzee?"

Kabla hajanijibu, kwenye spika tukamsikia nesi akivuta kiti na kushusha pumzi.

"Haya," akasema. "Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"