Dawa ya Randa kwenye Friza ya Bucha

Shemeji yangu, mume wa dada, ni seremala, na mtaa mzima humwita Randa. Figo zake zilikufa zote mbili katika umri ambao wenzake ndiyo kwanza wanaota vitambi. Ni mwaka wa nane sasa anakwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Akirudi hulala kama gunia, kesho yake yuko karakana. Mbishi yule!

Mashine husafisha damu, haitengenezi. Figo nzima ndizo huuamuru mwili utengeneze damu mpya. Zikifa, wa kuamuru hayupo. Kwa hiyo Randa hupewa vichupa vya sindano ya kuongeza damu, na dada humchoma nyumbani. Dawa yenyewe inataka ubaridi. Friji ya dada ilipoharibika, mwenye bucha wa jirani, ambaye na Randa ni chanda na pete, akasema, "Leteni kwangu. Friza yangu haizimi hata umeme ukikatika." Kila siku ya sindano Bucha, ndivyo tulivyomwita, alikiyeyusha kichupa mwenyewe, akakifunga karatasi safi, akakileta mpaka mlangoni.

Miezi ikapita, Randa akawa anafifia. Midomo ilipauka. Alisukuma randa mara mbili, akakaa chini anahema. Daktari akasema moyo umeanza kutanuka kwa kusukuma damu haba, na kwamba wagonjwa wengi wa mashine huondoka kwa moyo, si kwa figo. Akaongezewa damu ya watu, ikashuka tena. Dozi ikapandishwa. Wapi! Dada akawa analia jikoni akidhani sisikii.

Mwishowe nesi mmoja akauliza lililokuwa la kuulizwa tangu mwanzo. "Dawa mnaiweka wapi?"

"Kwenye friza ya bucha," dada akajibu, tena kwa fahari.

Nesi akashika kichwa. "Jamani! Ubaridi, si barafu. Ikiganda imekufa. Mmekuwa mnamchoma maji."

Randa akatukataza kumwambia rafiki yake. "Mtu amenitunza kwa moyo mmoja, leo nimwambie alikuwa ananimaliza?" Mimi nilichemka, lakini mgonjwa si wangu. Vichupa vipya vikawekwa kwenye friji niliyoinunua upesi, Bucha akaambiwa siku hizi hospitali inamtunzia Randa dawa yake. Damu ikapanda. Randa akarudi kazini na mluzi juu, na Bucha akawa anatamba kwa wateja: "Mnamwona yule? Friza yangu hiyo!" Tulicheka. Wema hauozi, wahenga walisema; habari ya kuganda hawakuigusa.

Jumamosi moja niliongozana na Randa kununua nyama. Kwenye kaunta tulimkuta mama mmoja muuza mitumba, mgonjwa mpya pale kwenye mashine. Alikuwa anatoa vichupa kwenye mkoba, kimoja kimoja, na Bucha anavipokea. Mlango wa friza ulikuwa wazi.

"Ondoa shaka, mama," Bucha alikuwa anasema. "Huyo hapo Randa, muulize."

Mama akageuka. "Eti kaka, ni kweli?"

Randa alimtazama mama, akamtazama Bucha. Angeweza kumvuta mama pembeni baadaye, na najua aliliwaza hilo. Lakini wateja walikuwa wanasikiliza, na mama alikuwa anamwamini yeye.

"Si kweli," akasema. "Usimwachie. Ya kwangu iliganda humo, ikafa, na mimi nusura niifuate."

Bucha alicheka kidogo, akidhani ni utani wao wa kila siku. Halafu akaacha kucheka. "Umejua lini?"

"Nilipoacha kuleta."

"Na mimi hapa najisifu kwa watu, wewe unanitazama tu?"

"Sikutaka kukuumiza, ndugu yangu."

"Kuniumiza!" Sauti ilimpanda, kisha ikakatika. "Ulitaka niue nani ndipo uniambie?"

Mama akanyoosha mkono taratibu, akaomba arudishiwe dawa yake.