Shemeji, Pikipiki Haivuti

Shemeji yangu Learco alikuwa mpogoaji wa mipichi, na mvumilivu kupita kiasi. Tangu ujana wetu alitaka pikipiki ya mbio, nyekundu, yenye silinda nne, na kila mwaka ilizuka sababu ya kutoipata. Kwanza mkewe, dada yangu Nives, alisema hataki kuwa mjane mapema. Kisha wakapata binti, na Nives akasema angoje mpaka binti aolewe. Binti akasoma, akachagua wee, akaolewa akiwa na miaka thelathini na mitatu. Jumatatu baada ya arusi Learco akaenda bonde la jirani, akarudi nayo. Yeye alikuwa na miaka hamsini na tisa. Pikipiki ilikuwa na kumi na minane.

Mimi ni fundi. Huku kwetu Romagna, Italia, hilo si la kujivunia, maana kila mtu ni fundi, hata padri ana maoni yake kuhusu plagi. Mimi nilichonacho ni sikio. Tangu goti langu lifungwe vyuma siendeshi tena. Nakaa kwenye ukuta wa kona ya mwisho ya barabara ya mlimani, nasikiliza, halafu nasema ugonjwa. Na sijapata kumtajia mtu ubovu ambao haupo. Wapo mafundi wa namna hiyo, na siwasalimii.

Juu ya kijiji barabara ina kona kumi na moja, na kileleni pana chemchemi. Mtu akinunua pikipiki iliyotumika, huipandisha yeye mwenyewe siku ya Mtakatifu Roko, katikati ya Agosti, kwa moto wote, mbele ya kijiji kizima, akaimwagia maji ya pale. Kabla ya siku hiyo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuipanda. Ndio mwiko wetu. Leo nasema ni mwiko wa kijinga, lakini wakati ule niliushika kama wenzangu.

Aprili Learco alishuka kutoka konani, akavua helmeti.

"Shemeji, haivuti."

"Haivuti vipi?"

"Kuondoka inaondoka. Nikiiomba zaidi, inakataa."

"Umeuziwa mbuzi kwenye gunia," akasema Tolmino, mwenye baa, ambaye kazi yake hasa ni kusimama mlangoni kwangu. "Watu wa bonde lile ukisalimiana nao, hesabu vidole."

"Wewe nyamaza, kahawa yako yenyewe haivuti," Learco akamjibu, tukacheka.

Nikaanza na filta ya hewa. Safi. Plagi nne, rangi yake njema. Nikatazama klachi, ingawa klachi inayoteleza hufanya injini ipige kelele bila kwenda, na hii haikupiga kelele. Nikahesabu meno ya spoketi, gurudumu la mnyororo, labda mwenyewe wa kwanza alibadilisha. Hakubadilisha. Nikapima nguvu ya kila silinda, zote sawasawa. Kabureta nilizifungua mara tatu. Na kila nilipoiwasha karakanani na kuupinda mshikio wa mafuta kwa mkono wangu, ilinguruma hadi makopo ya skrubu yakahama rafuni. Akiipanda Learco, mimi niko ukutani, naisikia inafika katikati, inaishiwa pumzi.

Sikio langu lilisema: injini hii inanyimwa mafuta. Halikukosea. Niliyekosea ni mimi, niliyemtafuta mnyimaji ndani ya chuma tu.

Maana dalili zilikuwapo, tena mezani. Masika yale Learco alinunua mikasi ya betri ya kupogolea, yeye aliyejisifu miaka arobaini kwamba mkasi wa mtu ni mkono wake. Tukamtania kwamba amekuwa bwana shamba. Juni aliangusha glasi ya mvinyo mara mbili katika mlo mmoja, Nives akamwambia amelewa. Vifungo vya shati alianza kufungiwa na mkewe, nasi tukasema, ama kweli, pikipiki imerudisha mapenzi. Sisi ni watu ambao mtu akikonda tunamwuliza anatumia oili gani.

Siku tatu kabla ya sikukuu nikachoka. Nikainua tangi, nikafunga uzi mwembamba wa kushonea pale waya wa mafuta unapovuta kabureta. Mshikio ukipindwa mpaka mwisho, uzi lazima ukatike. Sikumwambia. Nikamtuma apande.

Akarudi na jasho.

"Umefungua mpaka mwisho?" nikamwuliza.

"Mpaka mwisho, shemeji. Haivuti."

Nikainua tangi. Uzi ulikuwa mzima.

Nilikasirika, sifichi. Miezi minne nimefungua pikipiki ya watu bure. "Shemeji," nikamwambia, "sema tu umeogopa."

"Miaka arobaini anaota," akasema Tolmino, "kumbe ndoto ina breki."

Hakuna tusi kubwa kuliko hilo huku kwetu. Learco akapanda pikipiki imezimwa, akaniita kwa kichwa nije nisimame karibu. Akaushika mshikio, akaupinda. Nikaona mishipa ya shingo imemtoka. Ulifika katikati, ukatetemeka, ukarudi. Akaupinda tena. Hapo ndipo nilipotazama ule mkono wenyewe: pale penye nyama, kati ya kidole gumba na cha shahada, palikuwa pamebonyea.

"Umeona?" akasema, akihema. "Huo ndio mwisho wake."

Alikuwa anasema kweli kwa kadiri alivyojua. Mimi, kwa upumbavu wangu, nikaweka vidole viwili juu ya mshikio ule ule na kuumalizia. Uzi ukakatika.

Learco akavitazama vidole vyangu viwili. Kisha akautazama mkono wake.

"Huu ndio mkono wa kazi," akasema polepole.

Tolmino alirudi baani kwake.

Mtakatifu Roko akapita, hakuna aliyepandisha kitu. Hospitali ya mjini walimchoma sindano za kupima, wakamweleza kwamba mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli inakufa mmoja baada ya mwingine, na dawa ya kuirudisha haipo. Nilimvuta daktari pembeni nikamwuliza habari ya ile miezi minne. Akasema isingebadilisha kitu. Alidhani ananifariji. Mimi nilitaka mtu anilaumu, na hakupatikana hata mmoja. Nives mwenyewe alinimiminia supu kama kawaida.

Oktoba Nives alimleta Learco karakanani kwa gari. Mkono wa kushoto nao ulikuwa umeanza kumfuata mwenzake. Akaketi kwenye kiti cha wateja, koti limefungwa vifungo hadi kooni, akaelekeza pikipiki kwa kidevu.

"Ifungue."

"Haina kitu, shemeji. Unajua."

"Najua. Ifungue."

"Nitafute nini?"

"Wewe si ulisikia? Ulikaa ukutani ukasema injini inanyimwa. Mimi nilisema haivuti. Tulisema wote wawili." Akaielekeza tena kwa kidevu. "Basi kuwe na kitu, Ermes. Hata kidogo. Kitu cha kubadilisha."

Nives aligeuka akatazama nje. Tangu amwoe dada yangu, Learco hakuwa amepata kuniita kwa jina. Mimi niliyejivuna kwamba siwatajii watu ubovu usiokuwepo, siku ile ningeutaja bila kuona haya, lakini yeye angejua tu. Kwa hiyo nikatandika kitambaa. Nikashusha tangi, nikafungua kabureta moja baada ya nyingine, nikapanga vipande mbele yake ili avione. Vyote vilikuwa vizima. Vilikuwa vizima kiasi cha kuniudhi, vinang'aa, pamoja na miaka yake kumi na minane.

"Umepata?" akauliza.

"Bado."

Akatikisa kichwa kukubali, akaegemea kiti. Nikachukua spana nyingine, nikaanza kufungua injini.