Kidole Kilichopinda cha Bingwa

Nichekeni tu, nimestahili. Mimi ni nesi wa watoto hapa Kasongo. Wiki jana rezo ya simu ilikubali, nikafungua ule ukurasa wa mtandaoni wanaousoma madaktari bingwa wa maambukizi ya watoto dunia nzima. Palikuwa na picha: mkono wenye glavu umeshika kiganja cha mtoto mwenye mpox, kidole cha mwisho cha hiyo glavu kimepinda kama ndoana. Kumbe ndivyo mabingwa wanavyomshika mgonjwa!

Asubuhi yake niliwakusanya manesi wenzangu wodini, tukavaa glavu, nikawafundisha kukikunja kile kidole. Wote waliteseka isipokuwa Mama Zaina, mkongwe wetu.

"Muangalie Mama!" nikapaza sauti. "Iko sawa na bingwa mwenyewe!"

Mama Zaina akavua glavu polepole. Kidole hakikunyooka.

"Kilivunjika zamani, nilianguka na baiskeli njia ya Nyangwe," akasema. "Na hiyo foto, mwanangu, dokta mmoja aliipigia hapahapa, kando ya hicho kitanda unachoegemea."

Chumba kizima kilimtazama kama vile ndiyo kwanza ameingia. Mimi nilikuwa bado nimekunja kidole.