Kumi na Mbili na Nusu

Maabara ya fiziolojia iko ghorofa ya tatu, na lifti ya chuo hiki cha tiba mbadala ya homiopathi imekufa tangu mvua za mwaka juzi. Daktari Vasudha Nimbalkar huzipanda ngazi kwa vituo viwili, mkono mmoja umeshika sari, mwingine ukuta. Miaka ishirini na tatu anafundisha yale yale: moyo, figo, jinsi sukari inavyovunjwa mwilini. Amechoka, na wala hafichi. Wanafunzi wake ni wale ambao alama chache ziliwanyima udaktari wa hospitali kubwa, wakaja hapa shingo upande. Yeye pia alikuja hivyo hivyo enzi zake, kwa hiyo hana hata uso wa kuwalaumu.

Linalomchosha kuliko yote ni somo la kupima wingi wa damu. Mwanafunzi hujitoboa kidole, huitia damu yake kwenye tyubu yenye asidi, kisha huongeza maji tone kwa tone mpaka rangi ilingane na kioo cha pembeni. Hapo husoma namba. Mwaka huu mmoja alimuuliza, "Madam, kule chini kwenye somo la dawa la mwalimu wetu, Joshi sar, tunaambiwa dawa ukiizidishia maji inapata nguvu. Huku damu tukiizidishia maji inafifia. Sasa tumwamini nani?"

"Ukiwa chini mwamini yeye. Ukipanda huku niamini mimi. Haya, toboa kidole, acha porojo."

Walicheka, wakatoboa vidole, lakini namba hawakusoma. Kitabu kinasema msichana mzima ana kumi na mbili na nusu, basi wasichana wote huandika kumi na mbili na nusu, mwaka nenda mwaka rudi, hata yule ambaye tyubu yake imemwagika. Vasudha husaini. Madaftari sitini kwa saa moja. Nani atasimama juu ya kila tyubu? Bora liende.

Ni Pratiksha Gavhane peke yake aliyeandika sita nukta nane. Huyu ni binti wa mkulima wa makomamanga, mzito wa kufika darasani, mwepesi wa kusinzia. Mwaka jana alianguka mtihani, na baba yake ameshasema akianguka tena atarudi nyumbani aolewe. Vasudha alimkata kwa wino mwekundu: Umeacha kuongeza maji mapema mno. Rudia. Akarudia, akapata sita nukta nane. Akakatwa tena.

Siku ya mtihani wa vitendo alikuja mtahini kutoka chuo kingine, Daktari Bhosekar, mwenye haraka ya kuwahi basi lake. Pratiksha akaokota kikaratasi cha swali: wingi wa damu. Akapima, akaandika.

"Sita nukta nane?" Bhosekar akatabasamu. "Binti, mwenye damu hiyo yuko kitandani, hayuko hapa ananikodolea macho. Mwenzako hapo kaandika ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu, sar."

"Na yule?"

"Kumi na mbili na nusu."

"Umeona? Futa, andika upya, nikuvushe."

Pratiksha aliitazama kalamu, asiiguse. "Nikiandika hivyo itakuwa damu ya nani, sar?"

Tabasamu la Bhosekar likafutika. Akavuta karatasi ya alama ili aandike sifuri.

Vasudha alikuwa ameketi pembeni, anangoja siku iishe. Aliviona vidole vya msichana juu ya meza, kucha zake nyeupe pe. Mwaka mzima vilikuwa mbele yake. Akainuka, akaichukua tyubu mpaka dirishani, akasoma mwenyewe. Akasoma tena.

"Namba yake ni sahihi," alisema. "Mpe alama zake."

"Madam, kama hii ni sahihi, hizi kumi na mbili na nusu zote kwenye madaftari kasaini nani?"

"Mimi."

"Bila kutazama?"

"Bila kutazama."

"Hilo nitaliandika kwenye ripoti yangu, unajua?"

"Andika." Aibu ilimchoma mpaka masikioni, na alijua mkuu wa chuo hatamwacha salama. "Ila anza na alama za mtoto."

Bhosekar akaandika kumi na nane kati ya ishirini, akafunga mkoba, akaenda zake bila kuaga.

Pratiksha alikuwa bado amesimama, haamini kwamba amefaulu. Vasudha akamwendea, akalivuta chini kope la jicho lake kwa kidole gumba. Ndani hapakuwa na wekundu wowote.

"Mwanangu, umechoka hivi tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, madam."

"Na hukusema?"

"Nilikuambia. Ukasema ni uvivu, nami nikaamini."