Ukanda wa Ngozi Mbichi

Mzungu tuliyemtunzia bustani pale Njombe, enzi za Mwingereza, alikuwa na msonobari mdogo chunguni. Mwenzangu, aliyenitangulia kazini, alinifundisha kuinamisha matawi yake: unavuta kidogo kwa kamba ya katani, unaifunga kwenye chungu, unasubiri wiki.

Jumamosi moja nikiwa peke yangu kamba ilikatika. Nikafunga kwa ukanda wa ngozi mbichi, kama kwetu Matembwe tunavyofunga mpini wa jembe uliopasuka. Ngozi ikakauka, ikajikaza. Jumatatu tulikuta tawi limevunjika.

Mzungu hakuuliza. Alimfukuza mwenzangu, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mwenzangu alinitazama, akasubiri niseme. Nikainama, nikaanza kuokota majani yaliyodondoka, mpaka niliposikia hatua zake zikishika njia ya Makambako.