Jina Lililofutwa kwa Kifutio

Usiku mzima nilingoja habari za mtangazaji wa redio yetu ndogo ya Mudzipela. Mchana aliitwa ofisini kwa watu wa usalama, aseme nani alimwambia kwamba watu wenye silaha wanavuna mihogo yetu kwenye njia ya Bogoro. Ni mimi niliyemwambia, na akinitaja watakuja kwangu. Lakini mtu huyu nimemwangalia sana. Anaandika tunayomwambia kwa penseli nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika, mkono wa kushoto ukifunika maneno kama mwanafunzi anayeficha jibu. Anauliza mara mbili, kwa sauti ndogo kuliko ile ya redioni: “Mama, weye mwenyewe uliona, ao walikuambia?” Ukijibu kwamba walisema, anacheka: “Basi huyo Walisema akuje asome mwenyewe.” Akimaliza, anafuta jina lako kwa kifutio na kupuliza vumbi lake mezani, taratibu, mpaka meza iwe safi.

Asubuhi nilisimama mbele ya mlango wa redio, umefungwa. Saa kumi na mbili, saa ya taarifa yake, ikapita. Kisha nikasikia komeo, na mlango ukafunguka kutoka ndani: ni yeye. Shati lake lilikuwa lile la jana, penseli iko sikioni.

“Walikuuliza?”

“Mpaka wakachoka. Nikawaambia niko na jina moja tu, la mwenye kusoma habari: langu.”

Akasukuma jiwe kwa mguu, mlango ubaki wazi.

“Ingia, Mama Lydie. Bado wanavuna?”